Joto la Pwani na Mwili Unaofanya Kazi: Hotuba kwa Makocha, Wazazi na Vijana



Jumamosi ya tarehe 24 Machi 2007, Mombasa ilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Njia ya mbio ilipita katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, na mashabiki walifurika kuwashangilia wanariadha wa nyumbani. Kati ya wageni alikuwemo Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye tangu 2002 hadi 2006 alikuwa ameshinda mbio ndefu na mbio fupi za nyika kila mwaka bila kukosa. Wengi walidhani matokeo yalikuwa yameshajulikana kabla ya mbio kuanza. Lakini katika mzunguko wa mwisho Bekele alitoka mbioni, na ushindi wa wanaume ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Moses Mosop na Bernard Kipyego wa Kenya wakafuata katika nafasi ya pili na ya tatu.

Bekele hakuwa peke yake. Wanariadha wengi hawakufika mwisho siku hiyo, na wengine walifika wakiyumbayumba. Hawa hawakuwa watu wazembe. Walikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani, waliofanya mazoezi kwa miaka mingi. Kilichowakuta ni joto la Machi na unyevu wa pwani, yaani lile fukuto ambalo kila mkazi wa huku analijua.

Ikiwa fukuto linaweza kuwatesa mabingwa wa dunia, je, kijana wa miaka kumi na sita anayeingia uwanjani saa nane mchana, hajanywa maji tangu asubuhi, na anacheza mechi yake ya pili siku hiyo? Na je, msukuma mkokoteni anayepandisha mzigo wa saruji, au fundi aliye juu ya mabati? Hotuba hii inawahusu hao. Lengo lake ni kueleza kinachotokea ndani ya mwili, ili kila mtu ajue lini aendelee, lini apumzike, na lini mwenzake anahitaji kuokolewa.

Mwili ni jiko

Mwili wa binadamu hujitahidi kukaa karibu na nyuzi 37 za selisiasi. Ukipanda au kushuka kwa nyuzi chache tu, kazi ya viungo huanza kuharibika. Ndani ya ubongo iko sehemu ndogo inayolinda kiwango hicho usiku na mchana.

Misuli inapofanya kazi hutumia chakula kama jiko linavyotumia makaa. Lakini sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo, kama robo au pungufu, ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Inayobaki hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana mtu akikimbia asubuhi yenye baridi huvua koti baada ya dakika chache. Katika mbio za kasi, joto linalozalishwa mwilini huongezeka mara kumi au zaidi ya lile la mtu aliyeketi. Lisipopata njia ya kutoka, mwili ungepanda nyuzi moja kila baada ya dakika tano hivi. Katika nusu saa mtu angekuwa hatarini.

Basi mwili hulitoa joto hilo kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni damu. Mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hupanuka, damu ya moto ikatoka ndani na kuja juu, na joto likatoka kwenda hewani. Njia hii hufaa hewa inapokuwa baridi kuliko ngozi. Hewa ikikaribia joto la ngozi, faida yake hupungua. Ikizidi, hewa yenyewe huanza kuupasha mwili moto.

Njia ya pili ni jasho. Wengi hudhani kwamba kutoka jasho ndiko kunakopoza mwili. Sivyo. Kinachopoza ni jasho kukauka juu ya ngozi. Linapogeuka kuwa mvuke huondoka na joto jingi. Lakini jasho linalodondoka chini limepotea bure: mwili umepoteza maji na chumvi, wala haukupoa.

Hapo ndipo pwani inapotofautiana na bara. Katika nchi kavu, jasho hukauka mara moja, hata jua likiwa kali. Huku kwetu hewa imejaa unyevu kutoka baharini, kwa hiyo jasho hukauka polepole. Ni kama nguo zilizoanikwa siku ya mawingu mazito: zinashinda kambani na bado ni mbichi. Mtu analowa fulana nzima, lakini ndani anaendelea kuchemka. Nyuzi 32 za Mombasa haziwi sawa na nyuzi 32 za mahali pakavu.

Moyo unaodaiwa kila upande

Wakati wa mazoezi makali misuli hudai damu ili ipate hewa safi na nguvu. Ngozi nayo hudai damu ili itoe joto. Damu ni ileile moja, na moyo ni mmoja. Siku ya baridi moyo huweza kuwatosheleza wote wawili. Siku ya joto, kila mmoja hupata pungufu.

Jasho huzidisha deni hilo. Mtu mzima anayefanya kazi ngumu juani anaweza kutoa lita moja hadi mbili za jasho kwa saa. Sehemu ya maji hayo hutoka katika damu. Damu inapopungua, kila pigo la moyo husukuma kiasi kidogo zaidi, na moyo hulazimika kupiga haraka ili kufidia. Ndiyo maana mchezaji anaweza kukimbia kwa mwendo uleule aliouanza, lakini mapigo ya moyo yakazidi kupanda kadiri dakika zinavyokwenda.

Ili kuokoa hali, mwili hupunguza damu inayokwenda tumboni na kwenye figo. Kwa sababu hiyo mchezaji huhisi kichefuchefu, chakula alichokula muda mfupi kabla ya mechi kikakataa kushuka, na mkojo ukawa kidogo na wa rangi nzito. Mtu mwenye kilo 60 akipoteza kilo moja na robo hivi ya maji, yaani asilimia mbili ya uzito wake, uwezo wake huanza kushuka. Huchelewa kufika kwenye mpira na hukosea pasi rahisi. Kocha akimpigia kelele kwamba amekuwa mvivu, huenda hatambui kwamba ubongo wa kijana huyo unamwamuru apunguze mwendo ili asife. Kupunguza mwendo katika joto ni kinga.

Mfano wa Doha unaonyesha jambo hili wazi. Mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ya Riadha ilianzishwa dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kukwepa jua la Qatar. Hata hivyo joto na unyevu vilibaki. Kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mshindi alikuwa Mkenya, Ruth Chepng'etich, aliyetumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Mapema mwaka huohuo, kule Dubai, alikuwa amekimbia umbali huohuo kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Hakushinda Doha kwa kujaribu kukimbia kama Dubai. Alishinda kwa kukubali mwendo ambao mwili uliweza kuubeba usiku ule.

Joto huzoewa, lakini kwa siku

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Mtu akifanya mazoezi katika joto kila siku, kwa kuongeza kidogo kidogo, baada ya siku saba hadi kumi na nne hubadilika. Maji ya damu huongezeka. Jasho huanza kutoka mapema, hutoka kwa wingi zaidi, na hubeba chumvi kidogo. Mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile iliyokuwa ikimchosha. Lakini mazoea haya hayadumu. Mtu akikaa mbali na joto wiki chache, hurudi karibu alipoanzia.

Hivyo timu ya shule inayoshuka kutoka nyanda za juu kuja kucheza pwani haifai kufika usiku na kuingia uwanjani kesho yake mchana kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hata kijana wa hapahapa aliyekuwa mgonjwa, au aliyepumzika likizo nzima, ni mgeni mbele ya joto. Vilevile kibarua mpya. Kanuni nzuri kwa mwajiri ni kumpa mfanyakazi mpya sehemu moja kwa tano ya kazi ya joto siku ya kwanza, kisha kuongeza sehemu kama hiyo kila siku. Anayepewa mzigo wote siku ya kwanza ndiye anayeanguka.

Dalili zisizofaa kupuuzwa

Madhara ya joto huja kwa ngazi, ingawa wakati mwingine mtu huruka ngazi moja kwa moja hadi ya juu.

Ngazi ya chini ni kukakamaa kwa misuli, hasa ya miguu na tumbo. Mchezaji apumzike kivulini, anyooshe msuli taratibu, na anywe maji yenye chumvi kidogo.

Ngazi ya kati ni kuishiwa nguvu kwa joto. Mtu hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hupata kichefuchefu na kuhisi miguu haimbebi. Bado anajitambua na anajibu maswali sawasawa. Huyu hachezi tena siku hiyo. Alazwe kivulini, miguu iinuliwe, apoozwe kwa maji na apewe kinywaji.

Ngazi ya juu ni kiharusi cha joto. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuathirika. Dalili kubwa ni mabadiliko ya akili: mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anagombana bila sababu, hajui matokeo ya mechi aliyokuwa akicheza, anapepesuka, anapata degedege au anazimia. Wengi wamefundishwa kwamba mtu wa namna hii huwa na ngozi kavu. Kwa mzee aliyezidiwa na joto ndani ya nyumba mara nyingi ni kweli. Lakini mchezaji au mfanyakazi anaweza kuwa amelowa jasho tepetepe na bado akawa katika kiharusi cha joto. Asisubiriwe akauke.

Poza kwanza, safirisha baadaye

Kiharusi cha joto ni dharura, na kinachookoa maisha ni kupoza haraka. Lengo ni kulishusha joto ndani ya nusu saa. Kila dakika mwili unapobaki juu ya nyuzi 40, ubongo, ini, figo na misuli huendelea kuharibika. Kumpakia mgonjwa ndani ya gari lenye joto na kuanza kutafuta hospitali katikati ya msongamano, bila kumpoza, ni kumpotezea nafasi yake bora.

Mtu mmoja apige simu ya dharura, 999 au 112. Wengine waanze kazi papo hapo. Mgonjwa apelekwe kivulini, avuliwe viatu, soksi na nguo nzito. Palipo na pipa kubwa au beseni la kumtosha, atumbukizwe kwenye maji baridi hadi kifuani, kichwa kikishikiliwa nje, na asiachwe peke yake hata kidogo. Pasipo na pipa, turubai linatosha: watu wanne hadi sita washike pembe na kingo, mgonjwa alazwe katikati, amwagiwe maji na barafu, na turubai litikiswe polepole ili maji yamzunguke. Barafu katika miji ya pwani haiko mbali, kwa kuwa wauza samaki wanayo kila siku. Hata hilo likikosekana, mwili wote umwagiwe maji mfululizo huku watu wakimpepea kwa kanga, kadibodi au jezi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shingoni, makwapani na kinenani.

Wako wanaoogopa kwamba maji baridi juu ya mwili wa moto yatampoozesha mgonjwa au kumletea nimonia. Katika kiharusi cha joto hofu hiyo ndiyo inayoua. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, maana kitampalia. Dawa za kushusha homa pia hazisaidii hapa, kwa kuwa joto hili halikuletwa na ugonjwa. Mgonjwa akishapoa na akili kumrudia, bado lazima afikishwe hospitalini kuchunguzwa, kwa sababu madhara ya figo na ini huweza kuonekana baadaye. Mkojo wenye rangi ya chai nzito baada ya mazoezi ni onyo kwamba misuli imevunjika na figo zimo hatarini.

Maji: kiasi gani na ya aina gani

Mtu anayefanya kazi au mazoezi makali juani anywe glasi moja ya maji kila baada ya dakika kumi na tano hadi ishirini. Asisubiri mapumziko ya nusu ya mchezo. Lakini maji nayo yana mpaka: yasizidi lita moja na nusu kwa saa. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi huipunguza chumvi iliyo katika damu, ubongo ukavimba, na dalili zake zikafanana na zile za joto.

Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja, maji safi na chakula cha kawaida vinatosha. Yakizidi hapo, chumvi inahitajika. Dafu ni kinywaji kizuri na lina madini ya potasiamu kwa wingi, ila chumvi yake ni kidogo, hivyo linywewe pamoja na chakula chenye chumvi. Kinywaji cha nyumbani pia hufaa: lita moja ya maji safi, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa. Vipimo visizidishwe. Soda na vinywaji vya kuchangamsha si badala ya maji, na pombe huongeza kupotea kwa maji mwilini.

Kocha asiye na kifaa chochote anaweza kutumia mizani ya kawaida. Mchezaji apimwe kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji isiyorudishwa. Na kila mtu ana kipimo chake cha bure chooni: mkojo mweupe au wa njano hafifu ni salama, wa njano iliyokolea ni deni.

Ratiba ndiyo dawa ya kwanza

Kinga bora haimo kwenye chupa, imo kwenye ratiba. Mwaka 2021 marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilikimbiwa Sapporo, kaskazini mwa Japani, kwa ajili ya joto. Hata huko, ile ya wanawake, iliyoshindwa na Mkenya Peres Jepchirchir, ilisogezwa saa moja mapema, kutoka saa moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. FIFA nayo huamuru mapumziko ya kunywa maji mechi inapochezwa katika joto kali, kwa kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, jua na upepo. Ikiwa Olimpiki inaweza kubadilisha saa, ligi ya mtaa haiwezi kukosa njia.

Katika miezi ya Kaskazi, hasa Februari na Machi, mechi na mazoezi yawekwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni. Mwamuzi asimamishe mchezo katikati ya kila kipindi ili wachezaji wanywe maji. Maji na kivuli viwepo kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa, na barafu na turubai viwe tayari kando ya uwanja. Kukimbizwa juani kusiwe adhabu, na kunyimwa maji kusitumiwe kumfunza mtu ukakamavu. Katika mwezi wa Ramadhani, mazoezi makali yasogezwe baada ya futari, mwili ukishapata maji.

Wako wanaohitaji uangalizi zaidi: watoto, wazee, wajawazito, wenye unene mkubwa, wenye kisukari au ugonjwa wa moyo, na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo. Mwenye selimundu hudhurika upesi anapopungukiwa na maji. Na mtu mwenye homa au anayeharisha, hata akijiona ana nguvu, asiingie uwanjani, kwa kuwa anaanza mchezo akiwa tayari na joto la juu au upungufu wa maji. Wazazi waseme ukweli huu kwa makocha, na makocha wasiuchukulie kuwa udhuru.

Jambo la mwisho ni wenzi. Aliyezidiwa na joto mara nyingi ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu akili ndiyo iliyoguswa. Atasema hana neno, naye anayumba. Kwa hiyo kila mchezaji, kila fundi na kila hamali awe na mwenzake wa kumwangalia usoni na kumuuliza jina la mtaa wao, au nani aliyefunga bao la mwisho. Jibu likichelewa au likipotoka, kazi isimame na maji yaletwe.

Mabingwa waliotoka mbioni Mombasa mwaka 2007 walirudi kukimbia siku nyingine. Kombe lililokosekana leo litashindaniwa tena mwakani. Kila kijana anayetoka nyumbani na viatu vyake begani naye anapaswa kurudi kwa mamaye jioni.